Kikapu Kilichoshuka Dirishani

Sisi tuliokulia Jidda kabla simu hazijaijua njia, tulitembezwa mjini na mama zetu. Wangu alikuwa muuguzi, mzaliwa wa Unguja, na Ijumaa baada ya alasiri ndiyo ilikuwa siku yake. Tulikaa Sharafiya, kwenye jengo ambalo kila ghorofa ilinukia chakula cha nchi nyingine, na tangu asubuhi tulikuwa tunacheza rede juu ya dari mpaka jirani wa chini atugongee kwa mti wa ufagio. Jua likipoa Mama alivaa baibui lake, akatupigia makofi. "Haya, yalla! Anayekuja aje, anayebaki aoshe vyombo." Nani angebaki?

Tulikwenda Balad, mji wa kale. Wauguzi wageni, waliofika kutoka nyumbani juzijuzi, walifuatana nasi, na Mama ndiye aliyewaongoza. Alitupitisha kwenye misikiti ya zamani ambayo vizingiti vyake vimelika kwa kukanyagwa, katikati ya majumba ya mawe ya matumbawe yenye madirisha ya mbao yaliyotokeza nje kama makabati. Kila mlango wa nakshi alisimama. "Mnauona huu? Ndugu yake yuko Mji Mkongwe." Kuna waliofuta machozi palepale. Sisi watoto tulikuwa tunangojea balila tu, dengu za kuchemsha zilizotiwa siki na pilipili, unakula unavuta kamasi na bado unaomba nyingine.

Ijumaa moja tukampoteza Rukia, mdogo wangu, ambaye hata shule alikuwa hajaanza. Tulisimama kwa muuza balila, watu wakatoka msikitini baada ya magharibi, na umati ulipopita mkono wa Mama ulikuwa mtupu. Sijapata kumwona vile. Hakupiga kelele. Alitupanga ukutani, akasema kwa sauti ndogo, "Asiondoke mtu hapa," kisha akaingia vichochoroni. "Rukia! Rukia wee!" Sauti ikaenda ikififia mpaka hatukuisikia tena. Nilimng'ang'ania muuguzi aliyekuwa karibu yangu, nikasoma kila sura niliyoihifadhi, na zilipokwisha nikaanza upya.

Mama alimkuta nyuma ya msikiti, amekaa mlangoni pa nyumba kubwa, anakula tende. Mbele yake kikapu kilining'inia kwa kamba kutoka dirisha la juu, na nyuma ya mbao za dirisha sauti ya bibi kizee ilikuwa inamwuliza kila apitaye, "Mtoto wa nani huyu?" Miguu haikumruhusu kushuka ngazi. Basi kila Rukia alipotaka kuinuka, kikapu kilishuka na kitu kipya: maji, kisha tende, kisha mwanasesere wa kitambaa.

Mama alikaa chini palepale ndipo akalia. Bibi akamwambia kwa Kiarabu, "Usilie, binti yangu. Asingeondoka huyu. Nilikuwa bado nina halua." Mama akacheka na machozi yake, akapanda ngazi kwenda kumbusu mkono.

Tangu siku ile matembezi yetu yote yaliishia chini ya dirisha lile. Kikapu kilipanda na sambusa za Mama, kikashuka na biskuti za tende. Baba alipohamishiwa kazi Riyadh, tukawa tunahamia huko, mtaa wa Malaz, Mama alikwenda kuaga na kanga mpya. Kanga ikapanda. Kikapu kilikawia sana huko juu, na kiliposhuka kilikuwa na ushungi mweupe, bado una joto la kichwa.

Hivi karibuni niliwatoa wanangu Riyadh kuja kuiona Balad. Siku hizi kuna matembezi rasmi. Aliyetuongoza ni binti wa Kisaudia, mchangamfu, ana kipaza sauti shavuni, nasi tumetiwa visikilizio masikioni. Wanangu walijipiga picha mbele ya kila mlango bila kuugusa hata mmoja, na njaa ilipowashika wakafungua simu kuagiza chakula, wamesimama mbele ya mtu anayepika!

Nyumba niliitambua. Inakarabatiwa, imezungushiwa vyuma na nyavu. Nilipomsimulia yule binti alizima kipaza sauti chake, akasikiliza mpaka mwisho. "Aliitwa nani?" akaniuliza. Sisi tulimwita Sitti, bibi, basi. Hatukuhitaji zaidi.

Mwanangu wa kike alikuwa akisikiliza pia. Kisha akanivuta mkono. "Mama, na kama angekuwa mtu mbaya?"

Si swali la kijinga. Mimi mwenyewe ndiye niliyemfundisha kuliuliza, na nitaendelea kumfundisha. Lakini enzi zetu lilikuwa halijatufikia. Rukia alikula tende za mtu asiyemjua mpaka akashiba, na Mama, aliyekuwa mkali kwa kila kitu, alichomwuliza njiani kurudi ni kimoja tu: "Umesema ahsante?"