Upande wa Kushoto wa Gauni

Mtaani hakuna aliyemwita kwa jina lake. Walimwita Jicho, naye kila akiitwa hivyo kichwa kilivimba kidogo. Fundi huyu aliweza kuona gauni mara moja tu, limevaliwa na mwanamke anayevuka barabara, akarudi kazini, akatandika kitambaa na kushika chaki, na kabla chai yake haijapoa gauni zima likawa mezani: kola, mikono, pindo, hata kifungo kilichokaa upande. Mteja alikuja na maelezo ya hewani, "Nataka lile alilovaa mtangazaji wa taarifa ya habari jana," Jicho akamjibu, "Nimeliona. Kaa chini."

Usimcheke mapema. Hivyo ndivyo alivyofundishwa kazi, na hivyo ndivyo mafundi wengi wanavyokula. Wewe mwenyewe hilo shati ulilovaa, aliyeliwaza mara ya kwanza humjui.

Chumba chake cha kazi kilikuwa kwenye ujia wa ghorofa ya chini, cherehani tatu zimebanana, pasi haipoi, na vipande vya nguo vimejaa sakafuni mpaka miguu haionekani. Chumba cha pili alikaa mchoraji, mtu wa maneno machache mwenye rangi nyingi kwenye suruali kuliko kwenye turubai. Duka moja lilipochapa picha yake kwenye vikombe bila kumuuliza, mchoraji alikwenda kulalamika kwenye ofisi ya haki za wabunifu. Vikombe vikaondolewa rafuni na mwenye duka akaja mwenyewe kuomba radhi. Ujia mzima ulishangilia, na aliyepiga kelele kuliko wote alikuwa Jicho.

Basi Jumapili moja alikwenda na mkewe kumwona mama mkwe. Mama huyo alikuwa ameugua muda mrefu. Jicho aliambiwa ni tumbo, na kwa mama mkwe mtu hadadisi. Siku hiyo alitoka chumbani amevaa gauni la buluu ambalo fundi hajapata kuona mfano wake. Mkunjo mpana ulianzia bega la kulia, ukakatiza kifua kwenda kushoto, ukateremka na kupotelea kiunoni. Mama alitembea ameinua shingo, anacheka, anajizungusha wajukuu wamwone. Aliyelishona ni binti yake mkubwa, dada wa mke wa Jicho, anayeshonea sebuleni kwake kwa cherehani ya mkono.

"Shem, hapa umeua," Jicho alisema, na alisema kwa moyo mmoja. Lakini macho yake yalikuwa kazini. Wakati wa kuaga alikuwa tayari analo lote kichwani.

Wiki haijaisha gauni lilikuwa mlangoni kwake limevalishwa sanamu. Kitu kimoja tu kilimsumbua. Kila mwanamke aliyelijaribu, mkunjo ulifura upande wa kushoto, kitambaa kimezidi pale kifuani bila sababu. Jicho alizunguka, akabandua pini, akabandika, mwisho akakata kauli kwamba shemeji yake alikosea kukata. Akapunguza kitambaa, mkunjo ukalala. Kuanzia hapo hakupumua kwa kazi. Wanawake walipanga foleni mpaka mlangoni kwa mchoraji, na gauni likapewa jina: mkunjo wa Jicho.

Shemeji yake alikuja siku chumba kimejaa. Alikuja na mama yake, ambaye alikaa kwenye benchi karibu na mlango, amevaa lile gauni la buluu na mtandio begani. Jicho alimwamkia kwa heshima zote, akamletea mto wa kukalia.

"Natoka kule ofisini alikokwenda jirani yako," shemeji alisema. "Wameniambia picha ni sanaa, gauni ni vazi. Eti kitu cha kuvaliwa hakina mwenyewe."

"Sasa wamekosea wapi, shem? Nani mwenye kola? Nani mwenye mfuko? Mfuko ungekuwa na mwenyewe, sote tungetembea na funguo mkononi."

Wateja wakacheka.

"Mchoraji alikesha na picha yake, na mimi nilikesha na gauni langu. Tofauti ni nini? Kwamba la kwangu linafuliwa?"

Mtu wa maneno akibanwa mbele ya wateja ni hatari. Jicho angesema pole, yangeisha. Badala yake akashika sanamu kiunoni na kuigeuza watu waone.

"Kwanza mimi sikuiga, nimerekebisha. La kwako lina kasoro, shem, upande wa kushoto kitambaa kimezidi, mkunjo umepwaya kama kifua ni nusu. Mimi hapa nimewapa wanawake kifua kizima!"

Chumba kikaangua kicheko. Shemeji alimtazama mama yake. Mama alikuwa ameshainuka, anavuta mtandio kutoka begani kuuleta mbele, upande wa kushoto, akiushikilia kwa ngumi.

"Twende, mwanangu," alisema polepole.

Jicho alirudi kwenye cherehani akijiona kidume.

Jumapili iliyofuata mama mkwe hakutaka wageni. Iliyofuata vilevile. Kisha siku moja mke wa Jicho akaingia kazini kwake, akamtupia mezani lile gauni la buluu.

"Mama anasema halivai tena. Ufutie mafuta ya cherehani."

"Kitambaa kizuri hivi?"

"Ndivyo alivyosema." Akaondoka bila kumtazama.

Fundi akitaka kufumua nguo huigeuza ndani nje, kwani ndani ndiko mishono iliko. Jicho aliligeuza, akashika wembe, kisha akauweka chini. Upande wa kushoto, chini ya mkunjo, palikuwa na kifuko cha pamba laini, kimeshonwa kwa mkono, mshono mdogo mdogo wa mtu anayeogopa kumuumiza mwingine. Ndani ya kifuko mlikuwa na mto mdogo wa duara, wa ukubwa wa ziwa la mwanamke. Kando yake bitana ilikuwa ya hariri, ili kovu lisikwaruzwe. Na ule mkunjo uliozidi, alioupunguza yeye kwa majivuno, ulikatwa hivyo makusudi, ulale juu ya mto na kuficha mahali mto unapoanzia na unapoishia.

Jicho aliketi. Alilitazama gauni lile mara ya kwanza kwa haki yake, ingawa alikuwa ameshalishona mara zisizohesabika. Maneno yake mwenyewe yakamrudia, kifua kizima, na kicheko cha chumba kizima, na ile ngumi iliyoshika mtandio.

Usoni alikuwa kama mgonjwa alipofika nyumbani. Mkewe akajua ameshaona kilichomo, akamwambia, "Ziwa lilikatwa mwaka jana, tukiwa hospitali. Mama alituapisha kwamba wakwe zake wasijue. Alikaa ndani hataki kuonekana, mpaka dada alipomshonea lile gauni. Ndilo lililomtoa nje."

Alikwenda kwa shemeji yake, akasimama mlangoni kama mdaiwa.

"Nataka nikamwombe mama msamaha."

"Utamwambia nini?"

"Kwamba sikujua kuwa yeye..." Jicho akaishia njiani.

"Unaona?" shemeji alisema. "Ukitaja kosa, umetaja siri. Ulishamvua nguo mara moja mbele za watu. Ukienda kumwambia unajua, utakuwa umemvua tena. Kaa nalo, shem."

Akakaa nalo, na lilimtafuna. Aliondoa sanamu mlangoni, lakini mafundi wengine walikuwa wameshaiga kutoka kwake, na mkunjo ulikuwa kila mahali: benki, sokoni, kwenye foleni ya maji. Kila ulipopita mbele yake alitazama chini. Siku moja alimuuliza mchoraji, kama utani, alijisikiaje kuona picha yake kwenye vikombe.

"Niliona uchungu," mchoraji alisema. "Lakini picha ikiibwa, aliyechorwa haachwi uchi."

Hakujua alichosema. Jicho alirudi kwenye cherehani, akashona mkono wa shati kinyume.

Kisha mama mkwe akaja, peke yake, na jua kali hivyo amejitanda mtandio mzito. Wateja walikuwepo. Jicho alisimama kwa haraka mpaka kigoda kikaanguka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mkwe wangu. Nataka gauni. Jipya. Ambalo mjini hapa hakuna mtu analo."

Jicho alichukua chaki. Akatazama kitambaa, akatazama ukuta, akatazama kitambaa tena. Maisha yake yote mbele ya macho yake palikuwa na gauni la mtu mwingine. Leo hapakuwa na kitu. Chaki ikabaki mkononi, jasho linaitia utelezi, na wateja wanamngoja Jicho afanye yake.

"Siwezi, mama," alisema.

"Huwezi nini?"

"Kubuni. Sijui." Akaweka chaki mezani. "Ule mkunjo si wangu. Aliubuni shemeji yangu. Mimi niliuiba, halafu nikasema una kasoro. Haukuwa na kasoro. Ulikuwa mzima, kila upande. Mwenye kasoro ni mimi, na naomba radhi kwake, mbele ya hawa niliowachekesha."

Hakuna aliyecheka. Mama mkwe alimtazama, na Jicho hakuthubutu kuinua uso, macho yake yasije yakaenda mahali yasipotakiwa kwenda.

"Basi atakata yeye," mama alisema. "Wewe utashona atakavyokata."

"Ndiyo, mama."

Akageuka, akampa mgongo, akajinyoosha.

"Haya, nipime. Urefu tu."

Jicho alichukua futi, akaiweka begani kwa mama taratibu, akaiteremsha mpaka kisiginoni.

"Urefu tu, mama," alisema.