Maandazi ya Uji wa Sano

Jovia, muuza samaki wadogo wa sambaza katika mtaa wa Mbugangari, hajawahi kutupa chakula. Uji anaoubakiza Sano, mwanawe wa miezi minane, huukanda kwa unga wa ngano na ndizi mbivu, akamkaangia maandazi Immy, dada yake Sano wa miaka mitatu.

Juzi masalio yalitosha andazi moja. Jana, matatu. Leo Sano amefumba mdomo kabisa.

"Kunywa, papa, kunywa basi!" Jovia anambembeleza mwanawe. Kijiko kinarudi kama kilivyokwenda.

Bakuli lote linaishia kwenye unga. Jovia anakaanga huku amembeba Sano mgongoni, mwepesi kama kitenge kitupu, na machozi yanamdondoka.

Immy anaona sahani imejaa, anapiga makofi.

"Mama, leo iko mingi! Kesho Sano abakize tena!"