Ndolo Chuma Aliporudi Masii

Kwa miaka kumi na minane nimeshona nguo kwenye veranda ya duka la Bilan Elmi hapa Masii, kwa hiyo haya sikuhadithiwa na mtu.

Bilan alizaliwa Machakos mjini. Baba yake, mzee Elmi, alikuwa akinunua mbuzi huku kwetu na Muthetheni, na Bilan alikijua Kikamba kabla hajakishika Kisomali sawasawa. Mwaka wa 1974, akiwa darasa la tatu, baba yake alimletea namba ya kwanza ya gazeti la katuni lililoitwa Ndolo Chuma. Ndolo alikuwa mvunja kokoto aliyepigwa na radi machimboni, mwili wake ukageuka chuma. Alisimamisha malori kwa kifua na kung'oa milango ya wezi kwa mkono mmoja. Lakini Bilan alimpenda zaidi Haawa, mwanamke Msomali mwenye duka, aliyemficha Ndolo nyuma ya magunia ya mchele na kumpaka mafuta asishike kutu. Haawa peke yake ndiye aliyejua siri yake.

"Katika kila gazeti lililofika kwetu," Bilan aliniambia siku moja, "ni yeye tu aliyefanana na mama yangu."

Gazeti lilikufa mwaka wa 1991 kwenye namba 143. Bilan alikuwa nazo zote ndani ya sanduku la bati, zimepangwa, hakuna ukurasa uliokunjwa.

Mwaka wa 2002 akaja kijana mmoja kutoka Nairobi, jina lake Festus. Kampuni yao ilikuwa imenunua haki za Ndolo, lakini nakala za zamani zilikuwa zimeliwa na mchwa stoo. Jina la Bilan alilipata kwenye mabaki ya kurasa za barua za wasomaji, maana aliandika mara nyingi.

"Tunaanza upya, mama, namba moja tena," alisema. "Wale wa zamani warudi, na mtoto ambaye hajawahi kumsikia Ndolo asipotee. Wewe ndiye unajua hadithi yote."

Bilan akamwekea chai ya maziwa na sambusa, na Festus akala kama mtu wa nyumbani. Akaondoka na sanduku zima, akiahidi kulirudisha. Zaidi ya hayo, Bilan alikaa wiki mbili akiandika ukurasa wa kuwaeleza wasomaji wapya yaliyotokea katika miaka kumi na saba. Alinisomea akiwa amesimama, na mimi nikasimamisha cherehani ili nisikie.

Miezi mitano baadaye magazeti yalirudi ndani ya gunia la vitunguu. Sanduku lenyewe hatukuliona tena. Bilan alipofungua gunia, harufu ya mafuta ya chipsi na sigara ikatoka hadi nilipokaa. Kurasa zilikuwa na alama za vikombe. Ndani ya namba 60 kulikuwa na mende aliyepondwa, mbawa zake zimegandia uso wa Ndolo. Na kila picha nzuri ilikuwa imekatwa kwa wembe, ukaachwa mraba mtupu. Bilan alishika ile namba 60 kwa ncha za vidole, akaiweka chini, akaenda kunawa mikono. Akanawa mara mbili.

"Labda gazeti jipya litakuwa zuri," nikamwambia.

Lilifika siku ya soko, limejaa rangi. Bilan alifungua ukurasa wa kwanza, ule aliouandika yeye. Maneno yalikuwa yake, isipokuwa mstari wa mwisho: "Lakini Haawa alimuuza Ndolo kwa majambazi, akawa malkia wao." Kwenye ukurasa uliofuata Haawa alikuwa amechorwa akiwa na meno ya manjano, kisu kiunoni, akicheka juu ya maiti za wachungaji. Mtandio wake ulikuwa wa maua. Bilan alikuwa amejitanda wa maua kama ule siku Festus alipokuja.

Alitoka nje, akatema mate mchangani, akarudi ndani kuuza sukari.

Jioni hiyo aliandika barua, akabaki na nakala. Namba ya pili ilipotoka, barua yake ilikuwa imechapishwa ndani ya fremu nyekundu: "Nimesoma namba moja mara tatu. Tangu nikiwa msichana nasoma Ndolo Chuma na sijawahi kuona kitu kama hiki!" Chini yake: Bilan Elmi, Masii. Yote mengine walikuwa wameyafuta.

Watu wakampongeza njiani. Hilo ndilo lililomkera kuliko yote.

Kampuni ikafanya mkutano wa wasomaji Machakos mjini, nikamsindikiza. Ilipofika zamu ya maswali, Bilan alisimama akaisoma barua nzima kutoka kwenye nakala: kwamba alisoma mara tatu akidhani macho yamemkosea, na kwamba hajawahi kuona kitu kama hiki, uchafu wa namna hii kumpaka mtu aliyemlinda Ndolo maisha yake yote.

Festus akatabasamu. "Mama, ni hadithi tu. Msomaji mpya anataka adui anayemwelewa haraka. Akiona Msomali na kisu, hakuna haja ya kumweleza."

Baadhi ya watu wakacheka.

"Ulikula kwangu," Bilan akasema. "Siku ile uliona kisu wapi?"

Festus akaomba swali lingine. Mbele kabisa alikaa mzee Justus, mchoraji wa tangu mwanzo, amevalishwa kofia ya kampuni. Ndiye aliyemchora Haawa wa kwanza, na ndiye aliyemchora huyu wa meno ya manjano. Alitukuta mlangoni akanyoosha mkono.

"Waliniambia nichore hivyo, dada. Ni kazi."

Bilan aliutazama ule mkono, akapita.

Ndolo mpya aliuza sana. Alidumu miaka minne, na Bilan hakumweka dukani hata siku moja. Watoto walimnunua kwenye duka jingine. Siku moja binti yangu Lavender, wakati huo akiwa na miaka tisa, akaniuliza kama ni kweli Bilan huwajua majambazi. Mtoto aliyebebwa mgongoni na huyo huyo Bilan nilipolazwa hospitali!

Nilimshika mkono nikampeleka dukani, nikamwambia aulize swali lake hapo. Akashindwa, akalia. Bilan akaja na namba 38, yenye madirisha ya wembe, akakaa naye juu ya gunia, akamsimulia kilichokuwa kwenye kila mraba uliokatwa.

Siku hizi watoto watatu au wanne huja Jumamosi kusimuliwa picha zilizokatwa. Magazeti bado yananuka. Bilan huyasoma akiwa amegeuza pua pembeni.