Padri Aliua Kompyuta, Waridi Nikaziua Mimi

Padri wetu aliua kompyuta kwa maji ya baraka. Simtanii mtu.

Niliona kwa macho yangu haya, hapa Cayambe, Ekuado, wiki ya mwisho ya Januari, waridi za Siku ya Wapendanao zimejaa hadi mlangoni.

Naitwa Zoila Farinango. Nilikuwa karani wa oda kwenye shamba la maua la Don Efraín. Mama yangu alikuwa ukumbi wa kufungashia kwa miaka kumi na tisa, yeye na akina mama wengine themanini.

Sasa sikia ujinga.

Kila kitu cha shamba kilikaa kwenye kompyuta moja, chini ya meza ya Don Leónidas, mkuu wa ofisi. Oda, mavuno, joto la chumba cha baridi, ratiba ya malori. Mwingine haruhusiwi kuigusa. Na Leónidas hafukuziki, maana ndiye aliyemsimamia binti wa bosi ubatizo. Kwetu undugu huo una nguvu kuliko cheti chochote cha chuo.

Mwaka mzima nilipiga kelele.

"Bosi, tuhamie kwenye wingu. Tunakodi nafasi kwenye kompyuta za mbali, tunaunganisha kila kitu, mtu anaona kwenye simu yake. Joto likipanda, simu inalia. Lori linajua saa ya kuja. Mnunuzi anaona boksi lake limefika wapi."

Bosi akacheka mpaka kitambi kikatikisika. "Zoilita, mawingu tunayo ya bure hapa, na yanatuletea mvua ya mawe tu!"

Leónidas akadakia: "Mtafutie mume, bosi, labda atatulia."

Nilichemka jamani! Nikaamua kufanya kimyakimya, bila ruhusa ya mtu.

Miezi mitatu. Akina mama wakawa wanaingiza mavuno kwa simu zao. Nikaunganisha kipimajoto cha chumba cha baridi. Mavuno yakawa yanajilinganisha na oda yenyewe, tukaacha kukata maua yasiyo na mnunuzi. Waridi za kutupa zikapungua nusu.

Bosi akamsifu nani? Leónidas! Mtu anayechapa kwa kidole kimoja!

Basi ikafika siku ya baraka. Kila Januari padri hupita mabandani, kwenye malori na chumba cha baridi, akinyunyiza maji kwa tawi la waridi. Safari hii Leónidas akataka na kompyuta ibarikiwe. Tena akaifungua kifuniko.

"Baraka iingie mpaka ndani, padri," akasema, kajivuna kama yeye ndiye askofu.

Padri wa watu akanyunyiza. Kompyuta ikapiga cheche, ikafuka moshi, ikazima.

Bosi akamgeukia Leónidas, kashika kichwa. "Ndugu yangu, umenifanya nini?"

Mnunuzi wa Miami alitaka orodha mchana uleule, aina na urefu wa kila ua, la sivyo anahamia shamba jingine. Na tulijua wote kwamba akiondoka yeye, ukumbi wa kina mama unafungwa.

Nikatoa simu. "Hii hapa. Yote."

Nusu ya mzigo iliondoka alasiri ile. Nusu iliyobaki ikalala chumba cha baridi, isubiri ndege ya Jumatatu. Mama alinikumbatia mbele ya watu, akilia.

Keshoye bosi akaniita. Leónidas yuko pembeni, amekunja nne.

"Umetoa siri za shamba nje bila ruhusa," bosi akasema. "Leónidas anasema huo ni wizi. Kusanya vitu vyako."

"Mzee, nimekuokolea shamba!"

"Hukunitii."

Nikakusanya vitu vyangu, nikatoka. Hakuna aliyeniuliza neno la siri. Hakuna aliyeuliza tahadhari zinakwenda kwenye simu ya nani. Nami sikusema. Nilitaka wanitafute, wanipigie magoti.

Jumapili mchana, mama na mimi tuko mezani, tunakula biskuti za siagi na jibini. Shambani hakuna mtu, ila mlinzi wa getini.

Simu ikalia. Chumba cha baridi, nyuzi tano. Inatakiwa mbili.

Ikalia tena. Nyuzi nane. Mashine imekufa.

"Nani huyo anayekusumbua?" mama akauliza.

Simu moja tu kwa mlinzi ingetosha. Lakini akilini nilimwona Leónidas na ile nne yake. Nikasema moyoni, mwache akaibariki.

"Hakuna mtu, mama." Nikaizima simu, nikaongeza jibini.

Jumatatu saa nne asubuhi mama alirudi, aproni mkononi. Waridi zote zilikuwa zimefunguka, hazifai hata kwa kaburi. Mnunuzi ameondoka. Ukumbi umefungwa, akina mama themanini na mmoja wamerudishwa makwao. Leónidas? Yupo ofisini. Undugu wa ubatizo!

Nikashindwa kunyamaza. Nikamwambia.

Mama akaiweka aproni mezani. "Kumbe jana ulijua, na mimi nimekaa hapa nakukatia jibini?"

"Hasira, mama."

"Mchuma janga hula na wa kwao," akasema, akaingia chumbani.

Wenye biashara, unganisheni mambo yenu na wingu. Inalipa, nimeiona. Lakini ufunguo usikae kwa mtu mmoja, hata kama mtu huyo ndiye mwenye akili. Nilimlaani Leónidas kwa kukalia shamba zima chini ya meza yake, na mimi nikalitia mfukoni mwangu.

Bado nina hasira naye. Siku hizi nina hasira zaidi na mimi mwenyewe.

Mama anauza mahindi ya kuchemsha sokoni. Nikienda kumsaidia, ananihudumia kama mteja.