Mkunga wa Ijumaa

Nani ndani ya nyumba ile alikuwa na mimba? Swali hilo ndilo lililoninyima usingizi.

Nilikuwa nimelala chumba cha mbele, nyumbani kwa mjomba wa mchumba wangu, Magomeni, Mtwara. Kuta za udongo hazikufika kwenye paa, kwa hiyo maneno ya chumba cha pili yalinifikia yote. Nilimsikia mjomba akimwambia mama yake, yaani bibi wa mchumba wangu, "Kesho Ijumaa nkunga lazima apatikane. Nimeshaagiza."

"Afadhali," bibi akajibu. "Nilikuwa naona aibu, mgeni aje mpaka aondoke bila nkunga."

Wakacheka kidogo, wakazima taa.

Kwao mtu ni ntu na mchele ni nchele, kwa hiyo niliirudisha ile m mahali pake: mkunga. Mzalishaji. Nikakaa kitandani. Mke wa mjomba alikuwa Ziwani, shambani, kwenye korosho. Bibi umri ulikuwa umempita. Alibaki mtu mmoja tu, mchumba wangu, na mimi na yeye tulikuwa hatujawahi hata kukaa chumba kimoja mlango ukiwa umefungwa.

Nikajaribu maelezo mengine. Labda ni desturi ya huku, binti hukaguliwa kabla ya kuolewa. Hilo lilinitisha zaidi, kwa sababu anayekagua anaweza kukuta kitu. Labda wameshajua, na ndiyo maana nikaitwa haraka hivi, mara tu baada ya kumaliza chuo kikuu na kabla hata sijapangiwa kazi. Nilipolichambua kila neno la barua ya mwaliko, nikaona kweli, mbona walisema "njoo upesi"?

Niseme nilikuwa pale kufanya nini. Kwa watu wale mjomba ndiye anayetoa neno, si baba. Nilikuwa nimealikwa ili mjomba aniangalie, na Jumamosi, kabla sijapanda meli kurudi Dar es Salaam, angesema ndiyo au hapana. Basi aliniangalia, na mahali alipoiweka mizani yake ni kwenye sinia.

Mimi ni mtu wa Singida. Upande wa babu zangu samaki alihesabiwa ukoo mmoja na nyoka, na marehemu mama yangu hakumruhusu kuingia jikoni kwake. Chuoni nilizoea kula vipande visivyo na kichwa wala mkia. Mtwara waliniletea chaza, nikawameza kama kwinini. Wakaleta pweza wa nazi, nikatafuna mpaka taya likauma. Kaa nilimzungushazungusha nisijue mlango wake uko wapi.

"Ntu huyu anakula kama anasoma mkataba," mjomba alisema siku ile ya kaa, na hakucheka.

Yeye na mama yake walikuwa wametoka ng'ambo ya mto Ruvuma, wakavuka kivukoni Kilambo vita vikiwa nyuma yao. Hata pale Magomeni, ndege ikisikika juu, mikono yote ilisimama kwanza kwenye sinia, ndipo mtu akathubutu kutafuna. Nami nilisimamisha wangu pamoja nao, na nadhani hiyo ndiyo adabu pekee niliyoifanya bila kukosea.

Asubuhi ya Ijumaa mchumba wangu alisukuma kando mihogo ya kuchemsha, akasema hana njaa. Nikamwangalia usoni, kisha tumboni, kisha nikatazama ukuta. Bibi alikuwa uani juu ya mbuzi, anakuna nazi. Nikajongea, nikachutama, nikatafuta namna ya kuuliza isiyo na ubaya.

"Bibi, huyo mkunga anakaa mbali?"

"Mbali wapi, mume wangu!" Aliniita hivyo tangu siku ya kwanza, kwa utani wa bibi na mjukuu. "Anakaa mwambani, shimoni. Maji yakitoka ndipo anafuatwa."

Shimoni. Nikaona mganga, si mzalishaji.

"Ni mtu... ni mpole?"

"Mpole? Mkali huyo! Akikung'ata hakuachii, mpaka umpige kichwani."

"Sasa anakuja kwa ajili ya nani?"

Bibi akaacha kukuna, akanikonyeza. "Kwa ajili yako wewe, mume wangu. Au unadhani kwa ajili yangu mimi kibogoyo?"

Nikasema ahsante. Sijui nilikuwa nashukuru nini. Nikarudi chumbani, nikaanza kukunja nguo zangu. Nilikuwa nimefika kwenye shati la mwisho niliposikia mjomba anabisha hodi uani, na sauti ya bibi, "Haya, mgeni aje amwone!"

Nikatoka na shati lile mkononi. Mjomba alikipindua kikapu juu ya jani la mgomba, na kitu kikamwagika kutoka humo, kirefu, kinene kama mkono wangu, cha rangi ya matope na madoadoa ya manjano, hakina magamba, kinywa wazi, meno nje. Niliruka nyuma nikakanyaga kifuu cha nazi.

"Nini hicho?"

"Nkunga," mjomba alisema. "Ulitaka mwingine?"

Nilifarijika kwa muda wa pumzi moja. Hakuna mimba, hakuna mzalishaji, hakuna mganga wa shimoni. Mkunga ni samaki! Pumzi ya pili ikaleta hofu mpya, kwa sababu mchana ule ningeketi mbele ya mtu mwenye neno lake, na mbele yangu kingewekwa kile ambacho mama yangu angekiita nyoka bila hata kukitazama mara mbili.

Mjomba alipokwenda msikitini, mchumba wangu alinivuta nyuma ya jiko.

"Najua kwenu mnamwitaje," alinong'ona. "Sema tumbo linakuuma. Nami nitasema nilikusikia ukijigeuza usiku kucha. Si uongo, nilikusikia."

"Mjomba ataamini?"

"Nitausingizia ugali wa jana. Niliupika mimi, waache wanilaumu mimi."

Usiku kucha nilikuwa namtungia kosa, na yeye asubuhi nzima alikuwa ananitungia udhuru. Hata ile mihogo ya asubuhi, kumbe, aliiacha ili abakishe nafasi ya mkunga. Alikuwa akimpenda kuliko samaki wote.

Tuliketi mkekani. Ugali wa muhogo, kisamvu, na bakuli la mkunga ndani ya tui zito, vipande vya duara na ngozi yake. Mjomba akaniwekea kipande cha katikati, kikubwa kuliko vyote.

"Mgeni aanze," akasema. Halafu, akiwa bado ananiangalia, "Sisi tuliovuka mto tulikula tulichokikuta. Huyu binti ni mtoto wa dada yangu. Namtaka ntu atakayekula naye chochote."

Nikamwona mchumba wangu amefungua kinywa kuanza ile habari ya tumbo. Nikawaza kwamba nikimwachia aseme, nitakuwa salama leo, na kesho kutwa atanitafutia tumbo jingine, na jingine, maisha yetu yote. Nikawaza pia kwamba nikitapika pale sinia litaharibika na neno limekwisha. Yote mawili yalikuwa kweli, na ugali ulikuwa unapoa.

"Mjomba," nikamwahi mchumba wangu. "Kwetu huyu ni nyoka. Naogopa, sikufichi."

Bibi akaguna.

"Lakini nitamla."

Nikanawa tena mikono iliyokwisha kunawa, nikasema bismillahi, nikamega tonge, nikachukua kipande na ngozi yake, nikatia kinywani. Kilikuwa laini, chenye mafuta na utamu wa nazi, na jasho lilinitoka kana kwamba nimekula pilipili.

"Mume wangu, tafuna!" bibi akapaza sauti. "Ana miiba huyo!"

Nikatafuna. Mjomba akalisogeza bakuli upande wangu, nami nikachukua kipande cha pili kabla hajanipa.