Aliyeangalia Nyuma

Sisi tuliokulia kambi ya wakimbizi ya Nakivale huwa na hadithi moja tunayoijua kwa ghibu kabla hatujajua kusoma: hadithi ya tulivyofika. Mimi nilifundishwa yangu nikiwa na miaka sita, pamoja na kaka zangu wawili, tumeketi mkekani kama watoto wa katekisimu. Tulifunga mlango asubuhi. Tulitembea siku tatu. Tukapanda lori, tukavuka mpaka. Tulikuwa watu wanne, Mama na sisi watatu, maana Baba alikuwa amekwisha kufariki. Ukikosea siku, unarudia mwanzo.

Mama hakuwa mkali bure. Ofisini unaitwa kuhojiwa leo, unaitwa tena baada ya miaka, na anayekuhoji ana faili mbele yake. Jibu la leo likipishana na la zamani, familia nzima imeharibikiwa. "Njia ya muongo ni fupi," alikuwa akituambia, na sisi tulirudia mpaka maneno yakawa hayana ladha.

Nilipopata nafasi ya kusomea ualimu wa fasihi Mbarara, nilikwenda na sheria hiyo kichwani: hadithi ya kweli haibadiliki. Muhula wa pili tukapewa mchezo wa kuigiza wa mjane anayesimulia kifo cha mumewe mara tatu. Kwa polisi anasema marehemu alianguka. Kwa mama mkwe anasema alikufa akisali. Kwa jirani yake anakiri kwamba asubuhi ile walikuwa wamegombana. Niliandika kurasa nne za kumtia hatiani. Nilipanga maelezo yake matatu kwenye jedwali, nikapigia mstari kila palipopingana, nikahitimisha kwamba mwanamke huyo hastahili kuaminiwa.

Mwalimu wetu, mama wa hapohapo Mbarara, alinirudishia karatasi akicheka. Aliniuliza kama nimeajiriwa kuhoji watu. Kisha akaeleza darasa zima, huku mimi nimeinamisha uso, kwamba kuna mambo yaliyotokea na kuna namna yanavyosimuliwa, na msomaji asiyetenganisha hayo mawili atawaita watu wote waongo. Mjane yule, alisema, alimgawia kila msikilizaji kipande alichoweza kukibeba. Tujiulize nani anasimulia na nani aliyeona, maana si lazima awe mtu mmoja. Na tuangalie hadithi inaporuka, tuulize imemruka nani.

Sipendi kuchekwa. Bibi mmoja jirani yetu kule kambini aliwahi kusema hasira hii nimeichukua kwa bibi yangu mzaa mama, na Mama akageuza mazungumzo haraka, akauliza habari za maharage. Basi siku ile nilivuka daraja la mto Rwizi kwenda chumbani kwangu Nyamitanga nikiwa nimevimba, na njiani nikaanza kukariri hadithi yetu ili nijithibitishie kwamba yetu haina pengo. Tulifunga mlango asubuhi. Tulitembea siku tatu. Mama alikuwa na gunia kichwani na mimi mgongoni.

Hapo nikasimama. Gunia lililojaa, na mtoto amefungwa mgongoni kwa kitenge. Hakuna mwanamke anayejitwika mzigo wa namna hiyo peke yake. Lazima awepo mtu wa kumwinulia. Kaka zangu walikuwa wadogo, wasingefika hata begani kwake. Nani alimtwika?

Nilijua tulikuwa na bibi, kama mtu anavyojua kwamba ana ini. Sikuwa na sura yake, sauti yake, wala picha. Rafiki zangu Warundi walikuwa wakiwaombea bibi zao rozari kwa majina, na mimi nilikuwa nikiwaonea wivu wa kweli. Nilimtamani mtu ambaye sikuwa na pa kuanzia kumtamani.

Jumamosi nikaenda nyumbani. Nilimkuta Mama uani akipukuchua mahindi, nikaketi, nikachukua hindi na mimi. Nilipouliza, alijibu bila kuinua macho.

"Iyo yote iko mu faili. Tulikuwa bane."

Nikamuuliza nani alimtwika gunia. Mikono yake ikasimama.

Alinieleza polepole, kwa aibu ambayo sikuwahi kumwona nayo. Siku ya kwanza kupokelewa waliuliza mmefika wangapi, naye akasema wanne, na ilikuwa kweli. Baadaye alitaka kumtaja mama yake, lakini wenzake wakamtisha: ukiongeza mtu sasa, wataona umedanganya tangu mwanzo. Kwa hiyo Bibi alikosekana kwenye faili, kisha akakosekana kwenye mkeka wetu, kwa kuwa watoto hawana siri. Miaka yote hiyo Mama hakulitamka jina lake hata alipokuwa peke yake na sisi, akiogopa karatasi iliyokuwa imefungiwa kabatini kule ofisini.

Nilikasirika, na sikujua nimkasirikie nani. Nikamwambia basi asinipe historia yetu, anisimulie ngano tu. Ngano haina faili, hakuna atakayekaa kuilinganisha na nyingine. Alicheka kidogo, akauliza kama hayo ndiyo tunayofundishwa Mbarara. Akapukuchua mahindi mawili. Kisha akaanza.

"Kulikuwaka mama mumoja mukubwa, magulu yake ilikuwa inamuuma mingi."

Mama huyo mzee, mwenye miguu mibovu, alisimulia, alikataa kuondoka. Alisema atabaki jikoni awashe moto, moshi utoke juu ya paa, ili wale waliokuwa wanakuja kuwashambulia wadhani watu bado wamo ndani wasihangaike kufuata njia. Mlango haukufungwa kamwe. Alikuwa amesimama mlangoni. Alimwinulia binti yake gunia, akaliweka sawa kichwani, akamwambia asigeuke, mzigo utaanguka. Na ni kweli, mwenye gunia kichwani hageuki. Binti akatazama njia, akaenda.

Nikamuuliza huyo mama mzee alifanya nini baadaye.

"Sijue. Ule binti hakuona. Lakini alikuwa na mutoto ku mugongo, na ule mutoto alikuwa anaangalia nyuma mpaka ku kona."

Akaweka gunzi chini, na ngano ikamwishia mdomoni.

"Ni weye ulimuona mama yangu wa mwisho. Nilingoja siku moja uniambie. Alikuwa analia ao hapana?"

Nilitafuta. Mungu anajua nilivyotafuta. Nilifumba macho nikarudi mgongoni kwake, na kila nilipokaribia ule mlango nikasikia sauti yangu ya miaka sita ikikariri: tulifunga mlango asubuhi. Niliyeona ni mimi, na nilichoona kilikuwa kimefunikwa na hadithi ambayo yeye mwenyewe alinifundisha kwa kunipenda. Nikamwangalia akinisubiri, na vumbi la mahindi mikononi.

"Hakulia, Mama," nikasema. "Alikuwa anapunga mkono."

"Alikuwa amefunga kitambaa?"

"Ndiyo. Cha bluu."

Mama aliitikia kwa kichwa taratibu. "Iyo ya bluu," akasema, akafuta macho kwa kiwiko, akarudi kwenye mahindi.

Sijui kama nilikumbuka au nilibuni. Sijui kama Bibi aliwahi kuwa na kitambaa cha bluu, au Mama naye alinionea huruma akakipokea. Karatasi ile ya mjane niliiandika upya, na mwalimu akaridhika nayo, lakini sikumwambia nilijifunzia wapi.

Kila nikirudi nyumbani, Mama huniomba nimsimulie tena. Nasimulia kwa mpangilio uleule, moshi, mlango, mkono, kitambaa, nikiangalia nisikosee hata rangi. Naye husikiliza akiwa amegeuza uso kuelekea njia tuliyokuja nayo. Ningetoa chochote nilicho nacho ili iwe kweli nilimwona.