Upepo: Hakuna

Mume wangu alikuwa fundi wa vipimo kwenye kituo cha utafiti huko Aktiki, na mimi nilikuwa mnakili wake. Ofisi iliyomwajiri hapa Stockholm ilinipa kazi hiyo mwaka wa pili wa ndoa yetu, mwanzoni mwa miaka ya themanini. Kila mwezi nililetewa nyumbani Hallunda bahasha ya karatasi alizojaza kule, nami nikahamishia tarakimu kwenye madaftari makubwa: baridi, mgandamizo wa hewa, upepo, mawingu, namba ya kila chupa ya hewa aliyoikusanya. Mara nne kwa siku, bila kuruka. Nilijivunia mwandiko wake kama mjinga. Namba saba ya mkono wake niliijua kuliko uso wake, maana uso niliuona mara mbili kwa mwaka.

Machi moja mimba yangu ya kwanza ilikuwa imetimia. Aliahidi kupanda ndege ya Jumanne. Jumanne jioni akapiga simu ya redio, sauti ikikatikakatika: "Mke wangu, dhoruba imetufunga. Hata mlango haufunguki. Ndege imeshindwa kutua."

Nikampa pole. Mimi, na tumbo langu, nikampa pole yeye.

Alhamisi nikajifungua msichana. Aliyenishika mkono ni jirani yangu, Mganda, aliyekuja hospitali moja kwa moja kutoka kazini kwake Sundbyberg, bado amevaa sare ya usafi. "Sukuma, dada, sukuma. Mume utamgombeza baadaye." Nikamtetea, hata katikati ya uchungu ule. Nikasema hana kosa, ni hali ya hewa.

Bahasha ya Machi ilifika mtoto akiwa na wiki tano. Nilinakili huku nanyonyesha, mpaka nikafika Jumanne ile. Upepo: hakuna. Mawingu: hakuna. Jumatano hivyo hivyo, Alhamisi pia. Pembeni mwa Jumanne, kwa mwandiko wake mzuri: ndege imetua saa tano, imeondoka saa saba. Nilidhani nimeruka mstari, nikaweka rula, nikasoma tena. Wahenga husema njia ya mwongo ni fupi. Ya wangu ilianzia ncha ya dunia, ikapitia posta, ikaishia mezani kwangu. Niliumia, sitaficha. Karatasi aliona haya kuidanganya. Mimi hakunionea haya.

Aliporudi Mei nilimwandalia chai, nikamwekea karatasi ya Machi na daftari langu mbele yake.

"Nionyeshe dhoruba iko wapi hapa."

Akavaa miwani, akasoma polepole, akalinganisha na daftari langu mstari kwa mstari.

"Wa kunipokea zamu hakuja na ile ndege," akasema. "Ningeondoka, vipimo vingekatika."

"Ungeniambia hivyo."

"Ungelia."

"Nililia hata hivyo."

Akalifunga daftari. "Kazi yako ilikuwa kunakili," akasema. "Nani alikutuma kusoma?"

Nikakiondoa kikombe mezani kabla hajamaliza chai.